Idi wa Kwenye Kompyuta

Mwanangu Zuwena,

Mama yako ameshamaliza ya nguo, ya dawa, ya namba za watu wa kuwapigia ukifika, na ya kutokula ovyo njiani. Sitayarudia. Nimekaa karakanani, wewe umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na kwa ninavyomjua shangazi yako, hutarudi kabla ya magharibi. Nimesukuma mbao pembeni, nimekalia kigoda, karatasi iko juu ya meza ya kurandia. Ukiona vumbi la mbao kwenye mikunjo, ujue limetoka hapa.

Nataka kukwambia habari ya Idi. Nusu yake unaijua. Nusu nyingine hukuambiwa, kwa sababu ulikuwa kidato cha pili na sisi wakubwa tulikubaliana usisikie. Na ndani ya nusu hiyo kuna jambo ambalo hata mama yako halijui. Nitaanza na hilo, maana nikiliacha mwisho nitapata sababu ya kutoliandika.

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu nilikaa Dar es Salaam. Hilo unalijua. Nimekuambia kila mara kwamba nilikuwa nikitengeneza makabati, nawe umedhani makabati ya nguo. Nilikuwa nikitengeneza makabati ya mashine za gemu. Kulikuwa na ukumbi mmoja mjini, mashine kama kumi zimepangwa ukutani, watu wanasimama mbele yake wanatia sarafu na kupiga vitufe. Watu walidhani mashine zile ni za chuma. Zilikuwa mbao, mwanangu. Kabati refu la mbao, ndani kuna kioo kama cha televisheni na waya nyingi. Unyevu wa Dar ulikuwa ukiziumua zile mbao, ubao unapasuka, na mwenye ukumbi ananiita mimi.

Siku moja nikiwa nimelala chali nyuma ya mashine, nikaona kuna kiwaya kidogo ambacho sarafu ikipita inakisukuma, na hapo ndipo mashine inajua kwamba mtu amelipa. Nikakisukuma kwa kidole. Mashine ikalia, ikanikaribisha nicheze. Nilikata kimlango chini nyuma ya kabati, kiasi cha mkono kupita, nikakifunika vizuri kwa ubao wa rangi ileile. Kila asubuhi nikiwahi kabla ya ukumbi kufunguliwa, napitisha mkono, nacheza. Sikuiba sarafu hata moja. Nilikuwa najiambia hivyo: sikuiba sarafu hata moja.

Mwenye ukumbi alikuja kugundua kwamba mashine inasema imechezwa mara nyingi kuliko sarafu zilizomo. Akatafuta, akakiona kimlango. Mlinzi aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi alikuwa mzee mmoja, Mzee Shomari, mtu wa Rufiji, mpole, mwenye wake na watoto. Akaitwa. Akaapa kwa Mungu kwamba hajui. Akafukuzwa palepale, mbele yangu, nikiwa nimeshika nyundo. Kisha mwenye ukumbi akaniambia, "Fundi, ziba hiyo." Nikaziba. Nilipigilia misumari minne huku Mzee Shomari anakusanya mkeka wake na birika lake. Alipopita karibu yangu alisimama kidogo. Sikugeuka. Mpaka leo sijui kama alijua.

Miezi miwili baadaye nilirudi Mafia. Mama yako nilimwambia kazi iliisha.

Tangu hapo sijaweza kutazama kitu bila kukitafutia kimlango chake. Mtu akinisalimia kwa furaha, nazunguka nyuma yake. Mtu akinipa kitu, nakipapasa. Nyinyi mmekaa na tabia hiyo miaka yote mkidhani ndivyo nilivyozaliwa.

Sasa ya kompyuta.

Mwalimu Deo alipohamishiwa bara nilimtengenezea masanduku ya vitu vyake. Siku ya kuyachukua alikuja na kompyuta yake ya mezani, ile yenye kisogo kikubwa, akaiweka hapa juu ya meza hii ninapoandikia.

"Fundi, hii namwachia Zuwena," akasema.

"Kwa nini?"

"Anaipenda. Na mimi siwezi kuipandisha boti, itavunjika."

"Ndiyo, lakini kwa nini?"

Alicheka. Akaiwasha kunionyesha. Akasema ndani mna mambo ya shule, na mna gemu, za zile mashine za zamani ambazo siku hizi hazipatikani tena. Nikajifanya sijui lolote. Nikamuuliza gemu ya mashine inakaaje ndani ya kompyuta. Akanieleza vizuri, kama anavyoeleza darasani. Mashine zenyewe zimekufa, akasema, lakini kuna programu inayoiga mashine, kila kitu chake, hata makosa yake. Gemu inadanganyika, inajiona iko ndani ya kabati lake lilelile.

"Na sarafu?" nikauliza.

"Unabonyeza namba tano. Programu inaiambia gemu sarafu imeingia."

"Kaingiza nani?"

"Hakuna aliyeingiza, fundi. Ndiyo raha yake!"

Yeye alisema raha. Mimi nilikumbuka kimlango changu. Nilimtazama mtu wa watu kutoka Bukoba, mwenye shati lililopigwa pasi, nikawaza: huyu anajua. Kaambiwa na nani? Kaletwa na nani? Bila shaka hakujua kitu. Alikuwa mwalimu anayehama, mwenye mzigo mwingi.

Unakumbuka hali ilivyokuwa miaka ile. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshakaa, mipaka imewekwa, sehemu nyingine haziruhusiwi nyavu, na kila mtu aliyekamatwa aliamini kuna jirani aliyemtaja. Watu waliacha kutajiana mahali walikopata samaki. Mtu akinunua simu mpya aliulizwa kwa macho. Basi haikupita wiki, Bakari, yule mchuuzi wa samaki wa hapa jirani, akaja akaegemea mlango wa karakana.

"Fundi, kile kidude cha Mwalimu kinapeleka habari wapi?"

"Hakipeleki popote. Hakina hata waya wa simu."

"Wewe unajuaje? Mwalimu alikuwa rafiki na yule dereva wa boti ya hifadhi. Waliokamatwa juzi kule kisiwani Shungimbili, nani kawataja?"

Nilimfukuza. Lakini alipoondoka nilikwenda nyumbani, nikakaa nyuma yako wakati unacheza ile gemu ya kijichombo kinachopiga wadudu wanaoshuka kwa safu. Ulifikiri baba amekuja kutazama. Mwanangu, nilikuwa nawahesabu wale wadudu. Nilikuwa naangalia kama ni ngalawa. Nilidhani labda kila kidudu ni chombo cha mtu, na wewe ukikipiga, mahali fulani kuna mtu anakamatwa. Cheka. Ni sawa ukicheka. Lakini nilikaa pale nikihesabu mpaka umeme ukakatika, na nilifurahi ulipokatika.

Ndipo nikaweka sheria kwamba kompyuta haiwashwi nikiwa sipo. Hamkubisha, wewe na mama yako. Nilipaswa kujua hapohapo kuna jambo, maana mama yako hakubali sheria bila kuuliza maswali matatu.

Kila nilipotoka karakanani nikawa naingia ndani kimya na kuweka kiganja kwenye kisogo cha kompyuta. Ilikuwa ya moto. Siku mbili, siku tatu, kila siku ya moto. Na wewe ulikuwa shuleni hadi alasiri. Nikasema basi anatoroka shule. Nikamuuliza mwalimu wako wa darasa kwa kuzungukazunguka, akasema Zuwena yupo kila siku. Nikasema basi mwalimu naye yumo.

Siku moja nikaiwasha mwenyewe. Nikabonyeza tano, sarafu isiyokuwapo ikaingia, nikapigwa na wadudu mara moja, na kioo kikaleta orodha ya walioshinda. Kila mtu na herufi tatu za jina lake. Nimeiweka kichwani hadi leo: IDI, IDI, ZUW, IDI, ZUW.

Wewe nikakujua. Nikabaki na IDI.

Nilikuuliza jioni ile, unakumbuka? "Zuwena, Idi ni nani?" Ukakohoa. Ukasema, "Majina yanakuja na gemu, baba." Nami Mwalimu Deo alikuwa ameshaniambia kwamba majina huandikwa na wachezaji. Kwa hiyo nilijua umesema uongo, na nikadhani najua kwa nini. Leo najua ulikuwa ukimsitiri nani, na sina kinyongo nawe hata chembe.

Hapa Kilindoni Idi walikuwa wengi, lakini aliyewahi kuingia nyumbani kwetu alikuwa mmoja, fundi umeme, aliyetutengenezea soketi ile iliyokuwa ikitoa cheche. Nilikuwa nimemwona mara moja akiongea nawe getini, mkicheka. Kijana mzuri, wa miaka ishirini na minane hivi, amechumbia, harusi imekaribia. Nilipoyaunganisha hayo, yalikaa vizuri sana, kama ubao unaoingia kwenye tundu lake bila kupigwa. Nilipaswa kuogopa hapo. Nina miaka mingi katika mbao, na ubao unaoingia wepesi namna hiyo huwa umekatwa vibaya.

Hii ndiyo nusu unayoijua. Baada ya swala ya alasiri wanaume wamekaa barazani, pale mbele ya duka, na Idi amepita na begi lake la vyombo. Nikasimama.

"Wewe Idi. Binti yangu ni mwanafunzi. Unaingia nyumbani kwangu mchana nikiwa kazini kufanya nini?"

Alitazama nyuma yake, akidhani nasema na mtu mwingine.

"Fundi, mimi nimeingia kwako mara moja tu. Na wewe mwenyewe ulikuwepo, umenishikia tochi."

"Jina lako nimelisoma! Limeandikwa!"

"Limeandikwa wapi?"

Sikuweza kusema limeandikwa wapi. Ningesema kwenye gemu, watu wangecheka, nami sikutaka wacheke. Nikasema, "Wewe unajua wapi." Maneno mabaya kuliko yote niliyopata kuyasema ni hayo, kwa sababu kila aliyeyasikia alijaza mwenyewe. Na kwenye benchi pale, sikumwona mwanzoni, alikuwa amekaa baba wa mchumba wa Idi. Alimaliza kahawa yake. Akarudisha kikombe. Akainuka na kwenda zake, na Idi akamfuata nyuma akimwita, "Mzee, mzee, nisikilize," hadi wakapotea kwenye kona.

Sasa usiyoyajua.

Mama yako alizipata habari kabla sijafika hata karakanani. Alikuja akiwa amejifunga kanga vibaya, jambo ambalo halifanyi. Akasimama kwenye vumbi la mbao.

"Umemfanya nini yule kijana?"

"Nimemwambia ukweli."

"Baba Zuwena, Idi ni mimi."

Nikamwambia Idi ni jina la kiume.

"Naitwa Mwanaidi. Umenioa kwa jina hilo. Ile gemu inataka herufi tatu, nikaandika tatu. Wewe ukienda kazini, Zuwena akienda shule, nikimaliza kupika nakaa nacheza. Zuwena kanifundisha. Basi. Hakuna kingine."

Zuwena, jina nililolitamka mbele ya mashahidi, mimi mwenyewe, sikulitambua lilipokatwa. Hapo ningekaa chini nikalia, mambo mengi yangepona. Unajua nilifanya nini? Nilimtazama mama yako, nikamzunguka kwa akili yangu, nikatafuta kimlango. Nikawaza, huyu anamkinga mtoto. Mwanamke wa umri huu, aliyekulia kwenye mikorosho, acheze gemu awashinde watoto? Nikasema:

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Cheza nione."

Alinitazama muda mrefu. "Unataka ushahidi kwangu?"

"Nataka."

Wewe tulikutuma kwa shangazi. Unakumbuka, ulipewa bakuli la unga upeleke, nawe ukashangaa kwa nini shangazi kahitaji unga. Mama yako akakaa kwenye kile kiti, akabonyeza tano, akabonyeza moja, akaanza.

Sijawahi kumwona mtu namna ile. Mikono yake, ile ninayoijua ikichambua mchele na kukuna nazi, ilikuwa haisogei ila vidole viwili vitatu. Hakupepesa. Wadudu walishuka, yeye anapita katikati yao kama mtu anayepita sokoni akijua anakokwenda. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mama yako ana jambo analolijua kwa undani, na mimi sikuwahi kuambiwa. Wadudu walianza kwenda mbio, akatulia zaidi. Alipofika kwenye alama za juu kabisa, zimebaki kidogo tu apate kuandika jina, umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Nami nikasema maneno haya, na ninayaandika kama yalivyo ili uyaone: "Bado hujathibitisha."

Aliweka mikono mapajani, akakaa palepale kwenye kiti, anatazama kioo cheusi. Hakwenda jikoni, hakwenda uani. Nilitoka kuswali magharibi, nikarudi, yupo. Umeme uliporudi aliwasha tena, akaanza mwanzo, akacheza hadi mwisho, akaandika. I. D. I. Kisha akainuka.

"Umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo.

"Nilitaka kitu kimoja tu ndani ya nyumba hii," akasema, "ambacho hutaniuliza."

Asubuhi alikwenda Kirongwe kwa kaka yake. Wewe tulikwambia mjomba anaumwa. Mjomba alikuwa mzima kuliko mimi.

Nilijikaza siku kumi. Siku ya kumi na moja nikapanda pikipiki, nikaenda. Mjomba wako Hamisi nilimkuta anasuka kamba. Tukaamkiana, akanipa kigoda, nikamuuliza dada yake yuko wapi, maana nilishindwa hata kusema mke wangu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Idi yuko kwenye mikorosho." Nikadhani ananitania. Akaja mama mmoja jirani kuazima jembe, naye akauliza, "Idi kesharudi?" Wala hawakuwa na habari ya gemu. Alizaliwa siku ya Idi, na pale kwao, tangu mtoto, wanamwita Idi. Kijiji kizima. Nimekaa naye miaka ile yote, nimekula kwake, nimeuguzwa naye, na sikujua jina analoitikia akiwa kwao. Kwa sababu tangu nimuoe, kila nilipomuuliza swali, lilikuwa swali la polisi.

Nikamkuta anaokota korosho, anazitenga na mabibo yake. Nikainama nikaanza kuokota naye. Tuliokota mstari mzima.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Kwangu?"

"Kwako."

"Mimi nitakaa sawa. Yule kijana je?"

"Nitakwenda kwa mama yake."

"Ulisemea kwa mama yake?" Akatupa bibo kwenye kikapu. "Ulikosemea, ndiko ukaseme. Ukimaliza usije kunichukua. Nitakuja mwenyewe."

Ukimsikia mtu anasema baba yako ana moyo, muulize kuhusu wiki tatu zile. Nilikaa wiki tatu sijakwenda barazani. Kila siku nilijiambia kesho. Nilikuwa nawaona wale watu kwa mbali nikapita njia ya nyuma. Nilikuwa tayari kuambiwa kwamba nimemdhulumu mtu. Nilichokuwa naogopa ni kicheko. Na katika wiki tatu hizo mchumba wa Idi akaposwa na mtu wa Baleni, na Idi akafunga begi lake akaenda Kilwa.

Basi nikaenda barazani, baada ya alasiri, watu walewale. Nikasimama pale niliposimama. Nikasema, "Jina nililolisoma halikuwa la Idi fundi. Lilikuwa la mke wangu. Lilikuwa kwenye gemu ya kompyuta. Yule kijana hana kosa, mimi ndiye mwenye kosa." Bakari akauliza, "Gemu?" Nikasema gemu. Wakacheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Ndipo nilipopewa jina la Baba Gemu. Umelisikia miaka yote ukadhani ni kwa ajili yako na kompyuta yako. Ni langu, nimelichuma mwenyewe.

Kwa mama yake Idi nilikwenda pia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesema baada ya mwanangu kuondoka." Mwaka uliopita nilipata namba ya Idi, nikampigia. Nilijitaja, nikaeleza yote kwa pumzi moja. Akasema, "Nimesikia, fundi." Akakata. Sikupiga tena. Nilitaka kupiga tena ili nijue kama amenisamehe, na nikaona hiyo nayo ni kumhoji.

Mama yako alirudi mwenyewe, kama alivyosema. Alifika adhuhuri, akavua viatu, akauliza kama kuna mkaa. Ile kompyuta ilikaa miaka miwili mingine kabla chumvi ya bahari haijaimaliza, nawe ulicheza hadi ikafa. Yeye hakucheza tena. Nilimwomba mara mbili. Mara ya kwanza alisema hana hamu. Mara ya pili aliacha alichokuwa akifanya, akanitazama usoni, taratibu, akitafuta nataka nini hasa. Nikayajua macho yale. Ni yangu. Nimempa mimi.

Kwa nini nakuandikia haya? Unakwenda Dar, kwenye chuo cha hizohizo kompyuta, na nikisema nimekuachia kwa moyo mweupe nitakuwa nasema uongo. Nina wasiwasi na yule dada unayekwenda kukaa kwake, maana amekubali upesi mno. Nina wasiwasi na chuo, kwa nini ada yao ni nafuu kuliko wengine. Hata boti ya kesho nina wasiwasi nayo. Sitakwambia uache kushuku. Dar utakutana na watu wa kushukiwa, na mmoja wao wakati wangu nilikuwa mimi. Ila ukimshuku mtu, muulize yeye kwanza, peke yake, kwa sauti ya kawaida, kabla hujamuuliza mtu mwingine yeyote. Akikujibu, jaribu kukaa na jibu lake siku mbili kabla hujalifungua nyuma. Mimi sikuweza. Labda wewe utaweza, una damu ya Kirongwe.

Na kama utamwona mzee yeyote analinda mlango wa duka au ukumbi, msalimie. Si lazima umuulize anaitwa nani. Yule wangu atakuwa ameshakufa.

Limebaki moja. Leo mchana, ulipotoka tu kwenda kwa shangazi yako, nimefungua sanduku nililokutengenezea. Niliona nikague bawaba. Bawaba ni nzima. Nikakagua na vilivyomo. Chini ya nguo kuna bahasha nyeupe, imefungwa kwa gundi, haina jina juu. Sikuifungua, Zuwena, nakuapia. Lakini niliinua nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Kuna karatasi mbili, moja imekunjwa mara nne. Zaidi ya hapo sijui. Nimeirudisha ilipokuwa, nimekunja nguo kama ulivyozikunja, na usingejua kamwe kama nisingekwambia. Usiniambie ni ya nani. Ukiniambia nitaanza kuuliza swali la pili.

Nimekwenda dukani nimenunua kufuli, nimelitia kwenye sanduku. Linakuja na funguo mbili. Zote mbili nimezifunga kwa uzi ndani ya barua hii. Nilishika ule wa pili mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikauweka pamoja na mwenzake. Kabla hujapanda boti zijaribu zote mbili kwenye kufuli, uhakikishe sikukupa ufunguo wa kufuli jingine nikabaki na mmoja. Usinione vibaya nikikusimamia pembeni unapozijaribu, na usione haya kuzijaribu mbele yangu.

Ni mimi baba yako,
Fundi